Nilidanganya naulizia basari, kumbe nilikuwa nasubiri mshauri nasaha

BENCHI lenyewe liko kwenye korido ya jengo la utawala, kati ya dirisha la kulipia karo na ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi. Ukikaa hapo, kila komredi anayekuja kulilia karo anakuona. Asubuhi hiyo nilikuwa nimelipita mara tatu nikijifanya nasoma matangazo ubaoni. Mara ya nne nikakaa.

Sikumaliza dakika mbili. Jamaa tunayesoma naye kozi moja akatokea, akanitazama, akautazama mlango ulioandikwa 'Ushauri Nasaha', akacheka.

"Buda, umefanya nini tena? Unafukuzwa?"

"Zii, naulizia tu basari."

Jamaa akaketi kando yangu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatafuta basari kwelikweli, na alitaka tusubiri pamoja. Ikabidi niseme nimesahau kitambulisho chumbani, nikaondoka. Nilirudi siku mbili baadaye.

Kila muhula wa kwanza unapoanza nakumbuka kisa hicho. Wageni wa mwaka wa kwanza huzungushwa kampasi nzima: maktaba ile pale, zahanati hii hapa, bwalo kule. Wakifika kwenye korido hiyo huambiwa haraka haraka, "Na hapa ni ushauri nasaha, mkiwa na shida mje," kisha safari inaendelea. Hakuna anayewaambia watafikaje hapo bila kudanganya.

Maoni yangu ni haya. Huduma ile ni yetu, tumeilipia, na tunapaswa kuitumia mapema kabla mambo hayajaharibika. Lakini vyuo navyo viitoe huduma hiyo kwenye kivuli cha nidhamu. Mradi mtu anaogopa kuonekana kwenye benchi, mabango ya afya ya akili tunayobandikiwa kila Oktoba hayatasaidia kitu.

Nieleze kwanza nilivyofika pale. Mimi ni kifungua mimba wa mama anayeuza mboga sokoni Kitale. Nilipopata nafasi ya chuo Nairobi, mtaa mzima ulijua. Pesa za HELB zilipoingia, sikuzihesabu kuwa zangu peke yangu. Nusu ilienda kwa karo ya mdogo wangu aliyekuwa sekondari, iliyobaki ikawa kodi na chakula. Makomredi wengi wanaijua hesabu hii. Mkopo wa mtu mmoja unasomesha wawili, na ukichelewa, wote wawili wanakwama.

Mwaka wa tatu, muhula wa pili, ulichelewa. Nikaingilia kazi za kuandika mitandaoni usiku, nalala saa kumi alfajiri, naamka saa sita mchana. Alama za somo moja la muhula uliotangulia hazikuonekana kwenye mfumo, na kila nilipomwendea mhadhiri aliniambia nirudi wiki ijayo. Fuliza nayo ikawa deni la kudumu. Mtu akinitumia mia mbili, zinamezwa kabla sijaziona.

Halafu nikaacha kwenda darasani. Sikukaa chini nikaamua kuacha. Nilikosa somo la saa mbili, nikaona aibu kuingia la saa nne, nikarudi kitandani. Kesho yake vivyo hivyo. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa natoka chumbani usiku tu, kununua boilo nje ya geti. Makomredi wa hosteli walinipa jina, wakaniita Popo. Nilicheka nao.

Mama alipiga simu kila Jumapili, na swali lake lilikuwa moja: "Umekula?" Nikamjibu nimekula. Siku nyingi sikuwa nimekula.

Mwili ndio uliosema ukweli. Katika wiki sita nilienda zahanati ya chuo mara tano, kichwa kinauma, tumbo linauma. Nikapimwa malaria, nikapimwa homa ya matumbo, nikapewa dawa za maumivu. Mara ya tano nesi alifunga faili, akaniangalia vizuri, akauliza, "Kijana, wewe unalala kweli?"

Nikashindwa kumjibu. Machozi yakanitoka mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya sindano. Akaniandikia karatasi na kunielekeza kwenye ile korido.

Naeleza haya yote kwa sababu watu hudhani anayeenda kwa mshauri ni yule anayeongea peke yake barabarani. Ukimwambia mtu Nairobi kwamba unaona mshauri, utani wa kwanza ni "utaishia Mathari". Hospitali ya Mathari ina zaidi ya miaka 100, na kwa muda huo wote tumelitumia jina lake kama tusi. Matokeo yake ni kwamba mtu anayekosa usingizi kwa mwezi mzima anajiambia, mimi si mwendawazimu, basi siko mgonjwa, basi acha nijikaze.

Na sisi wavulana tumelelewa kwa neno hilo la kujikaza. Ukianguka mpirani, jikaze. Ukiachwa na mpenzi, jikaze. Ukifiwa, jikaze, wewe ndiye mwanaume wa boma. Mimi nilijikaza mpaka nikapimwa malaria mara tano.

Nilipoingia kwa mshauri hatimaye, nilitarajia mahubiri. Nilidhani nitaambiwa nisali, nisome kwa bidii, nichague marafiki wazuri. Nikamkuta mama wa makamo, ameweka viti viwili bila meza katikati. Kabla sijasema lolote alinieleza kanuni. Nitakayosema yatabaki pale, isipokuwa kama maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini, au mahakama ikiagiza. Hatampigia mama yangu. Hatamwambia mhadhiri. Akitaka kuzungumza na idara yangu, ataniomba ruhusa kwanza.

Kisha akaniuliza mambo ya kawaida kabisa. Nalala saa ngapi? Nakula mara ngapi kwa siku? Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini? Nani anajua hali yangu? Swali hilo la mwisho ndilo lililonichoma, kwa sababu jibu lilikuwa: hakuna.

Tulikutana mara sita, kila mara karibu saa moja. Kikao cha pili kilinichosha, karibu nisirudi. Cha tatu alinipa karatasi tukaandika pesa zote ninazopata na zote zinazotoka, tukatazama ile karo ya mdogo wangu. Akaniuliza nani alinipa jukumu hilo. Nikataka kusema mama, lakini haikuwa kweli. Nilijitwika mwenyewe na sikuwahi kumwambia mama kwamba sina.

Jumapili iliyofuata alipouliza kama nimekula, nikamwambia la. Alinyamaza kidogo. "Mbona hukuniambia, baba? Nilijua unazo." Wiki hiyo alienda shuleni kwa mdogo wangu akaomba kulipa kidogo kidogo, wakakubali. Mshauri naye, kwa ruhusa yangu, aliandikia idara barua, na zile alama zikaonekana baada ya mwezi.

Sitaki kukudanganya kwamba nilipona kama kwenye sinema. Nilianguka masomo mawili muhula huo, nikayarudia. Mkopo bado ulichelewa. Lakini nililala. Na nikirudi darasani nilijua nikikosa somo la saa mbili, la saa nne bado ni langu.

Sasa nijibu yale ambayo makomredi huniambia nikiwasimulia.

La kwanza: "Shida yangu ni pesa, si akili. Mshauri atanilipia karo?" Hatanilipia wala hatakulipia. Hoja hii ni ya kweli na wanaoipuuza hawajawahi kulala njaa. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, wanafunzi wamekuwa wakipangwa kwenye viwango ambavyo wengi wao wanasema havifanani kabisa na hali ya nyumbani kwao. Hilo ni jambo la serikali kurekebisha, na ushauri nasaha usitumiwe kutunyamazisha. Mtu asiambiwe ajifunze kupumua polepole wakati anadaiwa karo ambayo kwao hawawezi. Lakini pesa zikikosekana, akili ndiyo inayobaki kutafuta njia, na yangu ilikuwa imezimika. Barua ya kuomba kulipa kwa awamu inaandikwa na mtu aliyelala. Basari inaombwa na mtu anayeweza kuamka asubuhi.

La pili: "Mimi nina pasta wangu," au "Mimi nitaongea na imamu." Vizuri, endelea. Mimi pia naenda kanisani. Lakini pasta hajui utaratibu wa kuahirisha mtihani kwa sababu ya ugonjwa, na mara nyingi anamjua mama yako. Kuna mambo hutaki kuyasema mbele ya mtu mtakayekutana naye Jumapili akiwa amesimama madhabahuni. Nenda kote kuwili.

La tatu: "Wazee wetu hawakuwa na washauri na waliishi." Walikuwa nao. Walikuwa na shangazi, walikuwa na babu wa kuota naye moto jioni, walikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukuuliza mbona umenyamaza. Mimi chumba changu kilikuwa bedsita ghorofa ya nne, na jirani nilimjua kwa sauti ya redio yake. Huyo shangazi sikuwa naye Nairobi.

La nne ndilo gumu zaidi: "Nilienda, na nikasaidiwa vibaya." Nina rafiki wa kike aliyeenda kwa mshauri akiwa amevunjika moyo, akaambiwa hiyo ni tabia ya wasichana wanaopenda starehe. Hakurudi tena. Simlaumu. Lakini daktari wa meno akikuumiza hukai na jino bovu maisha yako yote, unatafuta mwingine. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, maana yake hii ni taaluma yenye masharti. Una haki ya kuuliza mtu amesomea nini. Una haki ya kusema unataka kuzungumza na mwanamke, au na mwanaume, au na mtu mwingine tu.

Nimesema ya wanafunzi. Sasa niwaguse wakubwa.

Katika vyuo vingi nchini, ushauri nasaha uko chini ya Mkuu wa Wanafunzi, na ofisi hiyohiyo ndiyo inayohusika na nidhamu. Mwanafunzi akipatikana na bangi hosteli, anapewa barua, kisha anaagizwa aende kwa mshauri. Kwa hivyo tunachojifunza ni kwamba kuonana na mshauri ni nusu ya adhabu. Jamaa aliyenikuta kwenye benchi hakuwa mjinga. Alisoma alama zilizopo. Katika akili yake, na yangu pia, mlango ule ni wa watu walioharibu.

Kuutenga mlango huo si jambo la mabilioni. Ofisi ya mshauri ihamishiwe zahanati, au jengo lolote ambalo mtu anaweza kuingia kwa sababu kumi tofauti. Miadi iombwe kwa simu, bila kukaa korido. Saa za kazi zivuke saa kumi na moja jioni angalau siku mbili kwa wiki, maana mwenye vipindi mchana kutwa hana nafasi na mwenye kazi ya mkono hana pia. Na kanuni ya siri ibandikwe mlangoni kwa maneno rahisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti. Basi chuo kituambie faili langu linakaa wapi, nani analiona, na kwamba halitatokea kwenye kamati ya nidhamu.

Tena washauri waongezwe. Yule mama aliyenisaidia alikuwa na mwenzake mmoja tu, na wanafunzi ni maelfu. Wiki mbili kabla ya mitihani hupati nafasi hata ukilia. Washauri rika, yaani wanafunzi waliopewa mafunzo ya kuwasikiliza wenzao, wanasaidia sana, lakini wasitumike kuziba pengo la wataalamu ambao chuo hakitaki kuajiri.

Nchi yenyewe imeanza kusonga. Mwaka 2020, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho 2022. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Fikiria hapo nyuma: mtu aliyekuwa kwenye hali mbaya kuliko zote aliogopa kusema kwa sababu angeweza kupelekwa korokoroni. Mahakama imeona hilo halifai. Inakuwaje chuo bado kimemweka mshauri mlango mmoja na nidhamu?

Wewe unayesoma haya kwenye simu, pengine ukiwa kitandani saa tisa usiku, naomba ufanye mambo machache. Usisubiri mpaka uvunjike. Nenda wiki ya tatu ya muhula, wakati foleni haipo. Uliza kwanza, lakini katika vyuo vingi mwanafunzi halipi chochote cha ziada, wakati nje mjini kikao kimoja ni maelfu ya shilingi. Usitafute maneno makubwa. Unaweza kuanza na "silali," au "sijui nianzie wapi." Wamezoea. Ukiogopa korido, nenda na rafiki akae na wewe.

Kama uko na mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi. Piga simu usiku huohuo. Msalaba Mwekundu Kenya wana nambari 1199 ambayo ni bure. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Kama kinachokusumbua ni pombe au dawa za kulevya, NACADA wana 1192, nayo ni bure. Kama huna nguvu ya kuongea, gonga mlango wa jirani umwambie akupigie.

Na kama wewe uko sawa, mwangalie mwenzako. Karibu kila mtu aliyepita chuoni amewahi kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia mazishi ya mwanafunzi mwenzake. Tunachanga haraka, mia, mia mbili, hata aliye na deni la Fuliza anatoa. Kisha mtu anaandika, "Hakuonyesha dalili yoyote." Mimi nilionyesha dalili kwa wiki sita nikapewa jina la Popo. Makomredi wangu hawakuwa wabaya. Hawakujua cha kuuliza tu. Basi niwafundishe alichoniuliza nesi: "Unalala kweli?" Halafu usikilize jibu bila kutoa mawaidha, na umsindikize mpaka mlangoni.

Juzi nilipita kwenye ile korido kufuatilia karatasi zangu za kumaliza chuo. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi lile, begi limepakatwa kifuani, macho sakafuni. Mwaka wa kwanza, unawajua tu. Nikamsalimu.

"Naulizia basari," akasema kabla sijamwuliza chochote.

Nikamwambia hata mimi niliwahi kuulizia basari hapo hapo. Mlango wa basari ni ule wa kushoto, lakini kama amechoka abaki tu alipo, mama wa huu mlango mwingine ni mpole na viti vyake havina meza katikati. Akanitazama. Hakuinuka.

Nikaketi naye mpaka alipoitwa.